Wiki yetu ina siku nane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mzee wetu mmoja, msimamizi mstaafu wa kiwanda, aliyeandika kwamba wafanyakazi wa siku hizi wanachelewa zamu kwa sababu wanalala na simu mkononi. Kwanza shikamoo yake naitanguliza. Pili, mimi si wa rika analolilaumu: nina miaka 41, watoto wawili, na huu ni mwaka wangu wa saba naingia shifti. Katika miaka hiyo nimechelewa mara mbili. Mara zote mbili simu ilihusika, kwa hiyo mzee hakukosea sana. Amekosea sababu tu.

Naendesha mashine ya mabomba ya plastiki katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, hapa Dar es Salaam. Chembechembe za plastiki zinamiminwa juu, zinayeyushwa, skrubu kubwa inazisukuma, na mbele linatoka bomba. Mashine ya namna hii haizimwi hovyo. Ikipoa plastiki ikiwa ndani, inaganda humo, na mafundi watakesha wakiikwangua. Kwa hiyo hatuna Jumapili, hatuna usiku.

Tuko makundi manne. Kila kundi linafanya asubuhi mbili, jioni mbili, naiti mbili, kisha ofu mbili. Asubuhi ni saa 12 hadi saa 8 mchana, jioni ni saa 8 hadi saa 4 usiku, naiti ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hesabu mwenyewe: mbili mara nne ni nane. Wiki ya watu wengine ina siku saba, yetu ina siku nane. Ndiyo maana pale getini husikii mtu akiuliza kama leo ni Jumatatu. Tunaulizana, "Wewe leo asubuhi ya ngapi?" Nikianza asubuhi ya kwanza Jumatatu, mzunguko unaofuata nitaanza Jumanne, ule mwingine Jumatano, na zitapita siku 56 kabla asubuhi ya kwanza haijarudi tena Jumatatu.

Sasa fungua alamu ya simu yako uitazame. Ukitaka ijirudie, inakupa siku saba uchague. Ya nane haipo. Kwa mwalimu au karani wa benki hiyo inatosha kabisa. Anatega mara moja, anasahau mpaka likizo. Mimi nikitega "kila Jumatatu saa 10 na robo alfajiri", Jumatatu ya kwanza ni kweli, na Jumatatu inayofuata ni ofu yangu ya pili.

Kwa hiyo nilikuwa natega kwa mkono kila ninapokwenda kulala. Nilikuwa na alamu 11 kwenye simu, hii nawasha, ile nazima, kama mtu wa taa za sherehe. Hapo ndipo nilipopatikana mara ya kwanza. Ofu ya kwanza huliwa na usingizi, maana umetoka naiti saa 12 asubuhi na mwili unadai. Ofu ya pili ndiyo ya kufua, kusuka, kwenda kikundi, kumsikiliza mtoto anasoma nini. Siku hiyo jirani alikuwa na shughuli, tukapika, tukaosha masufuria mpaka saa 5 usiku, nikaanguka kitandani. Alamu zote za asubuhi zilikuwa zimezimwa. Nilizizima mwenyewe siku nyingi nyuma, nilipomaliza asubuhi ya pili, zisinisumbue kwenye jioni na naiti.

Kosta ya kampuni inapita kituoni kwetu Gongo la Mboto saa 11 kamili alfajiri. Mimi niliamshwa na adhana. Ilikuwa mwezi wa saba, alfajiri inachelewa, na nilivyosikia tu "Allahu akbar" nilijua kosta iko kituo cha Banana huko mbele au imeshaipita. Nikapanda bodaboda kwa shilingi 6,000, nikafika saa 12 na dakika 25. Barua ya onyo niliipokea na kuisaini, sina neno. Kilichoniuma ni mwenzangu wa naiti. Sheria ya mashine zetu ni kwamba huondoki mpaka wa kukupokea afike. Nilimkuta amesimama palepale, macho mekundu, mkono umeegemea jopo la vitufe, na hakunisemesha. Amekaa siku mbili hajanisemesha.

Baada ya hapo nikaona dawa ni kuziacha alamu zote zimewashwa siku zote, nizime zikilia. Mhariri, sisi tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba sita, na kuta zinaishia chini ya bati bila dari. Kikohozi cha chumba cha mwisho kinasikika chumba cha kwanza. Simu yangu ikawa inalia saa 10 na robo alfajiri nikiwa ofu, inalia saa hiyohiyo nikiwa nimelala saa 6 usiku baada ya jioni, inalia mchana nikiwa naiti na ndiyo kwanza nimepata usingizi. Mume wangu, ambaye ni seremala na anaamka saa 12 kama mtu mwingine yeyote, alianza kulala na mto juu ya kichwa. Wiki ya pili mama mwenye nyumba akatuita uani. Alisema kwa upole, lakini alisema: jogoo wake mwenyewe anawika saa 10, lakini jogoo akishawika harudii kila baada ya dakika tano.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likiandikwa, nalo linatupata sisi wa Kiswahili. Saa ya simu haihesabu kama tunavyohesabu. Hata ukiiweka simu katika lugha ya Kiswahili, maneno yatabadilika, saa zitabaki zilezile za kizungu. Kijana mmoja mgeni kwenye kundi letu, anayekaa Vingunguti na kuja kwa miguu, aliambiwa aamke saa 11 alfajiri. Akaandika 11:00. Simu ikamwamsha saa 5 asubuhi kwa utiifu wote, jua limepanda, sisi tumeshakunywa chai. Tukamcheka, lakini 12 ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu 12 ya simu ni saa 6 yetu na saa 12 yetu ni 6 ya simu. Mtu aliyetoka kuamka hawezi mtihani huo.

Na siku yenyewe inaanza lini? Rosta inaandika herufi N chini ya Ijumaa. Kwa karani maana yake ni naiti inayoanza Ijumaa saa 4 usiku. Lakini kuna mwenzetu mtu mzima, mzaliwa wa Pangani, kwake usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishachwa, ule usiku wa kuamkia Ijumaa, ule ambao watu wanasoma Yasini. Akaja Alhamisi. Mlinzi akamrudisha nyumbani, usiku, na nauli imekwenda. Mwenzetu huyo hana simu ya kupangusa na hajawahi kuchelewa kutokana na simu. Aliwahi kwa siku nzima kutokana na lugha.

Mwaka jana nikaenda kwa fundi simu, kibanda kilicho karibu na stendi. Nilitaka anibadilishie spika tu, nikiamini labda alamu inalia kwa sauti ndogo. Nikamweleza matatizo yangu huku akifungua skrubu. Akaacha kufungua, akaniuliza, "Mama, kwani wiki yenu ina siku ngapi?" Nikamwambia nane. Alicheka, kisha akasema spika ni nzima, tatizo ni hiyo nane.

Alichofanya kilimchukua nusu saa na alinitoza shilingi 3,000, nami nataka nikieleze kwa sababu watu wa shifti wako wengi kuliko viwanda: wauguzi, walinzi, watu wa bandarini, wa hotelini, wa mitambo ya maji. Simu ina alamu, na ina kalenda. Alamu inajua wiki tu. Kalenda inakubali hesabu yoyote. Ukiingia sehemu ya kurudia unaweza kuiambia kila baada ya siku 8. Akaandika vitu sita: asubuhi ya kwanza, asubuhi ya pili, jioni ya kwanza na ya pili, naiti ya kwanza na ya pili, kila kimoja kijirudie baada ya siku 8 mpaka mwisho wa dunia. Ofu hazikuandikwa. Nikaruka mwezi wa tatu mbele, mwezi wa tisa, Krismasi, kila mahali iko sahihi. Kwa mara ya kwanza niliweza kumwambia dada yangu kwamba siku ya harusi ya mwanawe mimi nitakuwa naiti ya pili, aombe ukumbi Jumapili.

Lakini kalenda haina mdomo. Inagonga mara moja kama meseji, na simu ikiwa kimya hata hiyo moja huisikii. Kwa hiyo fundi akaweka programu nyingine ya kuiendesha simu yenyewe. Kila ikipita saa 6 usiku, programu hiyo inasoma kalenda ya siku iliyoingia. Ikikuta neno "asubuhi" inatega alamu ya saa 10 na robo alfajiri. Ikikuta "jioni" inatega ya saa 6 mchana. Ikikuta "naiti" inatega ya saa 12 na nusu jioni, ule usingizi wa pili ninaoupata kabla ya kosta ya saa 3. Isipokuta kitu, inanyamaza. Ananyamaza na jogoo, karibu niseme. Mwenzangu mwenye iPhone anafanya jambo hilohilo kwa ile programu ya Shortcuts inayokuja na simu. Wengine kundini wamepakua programu zilizotengenezwa kwa ajili ya shifti, unaiambia mzunguko wako mara moja na basi, ila uvumilie matangazo.

Haikuenda sawa siku ya kwanza. Simu nyingi za bei yetu zina tabia ya kuua programu yoyote inayofanya kazi kimyakimya ili kubana chaji, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Usiku wa pili programu iliuawa na alamu haikutegwa. Niliokolewa na kitochi changu cha zamani. Ukipata programu ya namna hii, ingia kwenye mipangilio ya betri uitoe kwenye orodha ya zinazozimwa, halafu ijaribu siku ya ofu, usiijaribu siku ya kazi. Na kitochi usikitupe. Nokia yangu ya vitufe inalia alamu hata ikiwa imezimwa, chaji yake inakaa siku nne, na umeme wa mtaani ukikatika saa 2 usiku simu kubwa ikiwa na asilimia 9, hicho ndicho mlinzi wako. Mimi nakiweka juu ya kabati ili kukizima nilazimike kusimama.

Tangu hapo sijatega alamu ya simu kubwa kwa mkono. Mume wangu amerudisha mto chini ya kichwa.

Basi mara ya pili nilichelewaje? Hapa ndipo ninapotaka mzee wetu anisikilize, yeye na wasimamizi walio kazini sasa. Nilikuwa jioni ya pili. Nimetoka saa 4 usiku, nimefika nyumbani saa 5 na dakika 20, nimenawa, nimelala. Saa 5 na dakika 40 ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la shifti, ukinitaja mimi na mwenzangu mmoja: kesho mtaingia asubuhi badala ya naiti, kuna watu wameugua. Mimi niko usingizini. Simu ikasoma kalenda, ikakuta naiti, ikatega ya saa 12 na nusu jioni, na saa 10 na robo alfajiri ikanyamaza kama ilivyofundishwa. Saa 1 asubuhi nikaamshwa na simu ya msimamizi. Rekodi inasema nimechelewa. Simu ilifuata rosta niliyopewa. Rosta ndiyo iliyohama usiku.

Na hata kama ningeuona ujumbe ule, hesabu yake ni mbaya. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 8. Toa barabara ya kurudi na ya kwenda, toa kuoga na kuvaa, unabaki na saa nne na nusu za kulala, kisha uende ukasimame mbele ya kitu chenye joto la kuyeyusha plastiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004, Sura ya 366, kifungu cha 24, inasema mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Ipo nafasi ya kuzipunguza hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na kwa mtu ambaye kazi yake hukatwa katikati kwa saa tatu au zaidi, au anayeishi palepale kazini. Mimi naishi Gongo la Mboto.

Niongeze hapohapo, kwa kuwa wengi hawajui: kifungu cha 20 kinahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Maana yake shifti ya jioni nayo ina saa mbili za usiku ndani yake, saa 2 hadi saa 4. Waangalie karatasi zao za mshahara.

Rosta yetu ya kawaida siilaumu. Ni nzuri kuliko nyingi. Inasonga mbele, asubuhi kwenda jioni, jioni kwenda naiti, na kila inapogeuka inakupa saa 24 katikati. Mwili unauvumilia mwendo huo wa kulala ukichelewa kidogo kidogo. Kurudishwa nyuma ndiko kunakouumiza. Saa za kazi ni 48 kwa siku nane, wastani wa 42 kwa wiki, chini ya zile 45 za sheria. Ubaya unaingia inapochezewa kwa ujumbe wa saa 5 usiku.

Babu yangu alikata mkonge Muheza. Alikuwa anatusimulia kwamba kambini kwao palining'inizwa kipande cha reli, na mnyapara alikigonga kwa chuma alfajiri, kambi nzima inaamka kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyehitaji kutega kitu kwa sababu wote walikuwa na zamu moja. Nadhani hiyo ndiyo enzi anayoikumbuka mzee wetu, au enzi inayofuatana nayo. Siku hizi saa 11 alfajiri kuna walio ndani ya kosta wanakwenda kazini na kuna walio bado naiti wakisubiri kwenda kulala, na kila mmoja anabeba kipande chake cha reli mfukoni. Aliyebaki bila kazi ni mnyapara: zamani yeye ndiye aliyeamka kwanza, akagonga.

Ninachoomba si kikubwa. Karani wetu anaitengeneza rosta kwenye kompyuta, safi kabisa, kwenye jedwali. Kisha anaichapa, anaibandika ukutani, mtu anaipiga picha kivuli cha mkono wake kikiwa juu ya kundi C, na picha hiyo ndiyo inarushwa WhatsApp. Simu haiwezi kuitegea alamu picha. Jedwali lilelile linaweza kutolewa kama faili la kalenda au kuwekwa kwenye kalenda ya pamoja, kila mtu akaipokea kwa kubonyeza mara moja, na likibadilishwa ofisini linabadilika mfukoni, mradi mtu ana bando. Wiki mbili kabla zinatosha. Na badiliko la dharura, mtu apigiwe simu, akubali au akatae kwa mdomo wake, na saa zake 12 zihesabiwe kwanza.

Mzee wangu, nimalizie kwa kukuuliza, na ukipata nafasi unijibu kupitia ukurasa huuhuu: wakati ule wewe ukiwa msimamizi, rosta uliibandika siku ngapi kabla? Na ukitaka kumbadilisha mtu zamu usiku, ulimtuma nani kwenda kumgongea mlango?

Mwendesha mashine, kundi C,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam